Kovu Chini ya Kanga

Nyamizi alikuwa akianua nguo aliposikia kitu kikichanika tumboni. Mkwewe alimlaza mkekani, akaleta mafuta ya nazi.

"Siku zako bado, mwanangu. Hiyo ni gesi ya maharage."

"Usinikande, mama."

"Mimba ina miezi minane na bado unanikatalia! Kwani nina kucha za chui?"

Nyamizi hakucheka. Jasho la baridi lilimtoka, na mtoto aliyerukaruka tangu asubuhi alikuwa kimya. Alikuwa amechoka kuficha. Alimwomba Mungu nguvu, akaifungua kanga mwenyewe. Kovu refu lilishuka kutoka kitovuni.

"Yule wa kwanza nilimzaa kwetu kwa kisu, mama. Daktari alinionya kizazi kinaweza kuchanika hapo, hata kabla ya uchungu. Nikaogopa. Wewe husema wanaopasuliwa ni wavivu."

Mama mkwe aliyasukuma mafuta kando. Alitoka mbio akiita majirani.

Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba kuelekea hospitali. Mama mkwe alitembea kando yake akinong'ona sala, kiganja chake kikielea juu ya lile tumbo bila kuligusa, kama mtu anayeota moto.