Vitonge vya Karanga Bila Moto

Tu. Tu. Tu. Kulikuwa bado giza, na mchi uligonga kinu taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Mwanvua alikuwa amekiweka kinu juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne ili asiamshe nyumba. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na watoto wote wa mtaa walimwita Tate, kama wajukuu wanavyomwita bibi yao.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Majivu ya jikoni yalikuwa baridi. Moto haukuwashwa tangu juzi jioni. Karanga alikaangiwa na jirani, Émilienne, aliyezipitisha juu ya ua bila kuombwa. Mwanvua alizitwanga mpaka zikatoa mafuta. Akaponda ndizi mbivu moja, akachanganya na vijiko vitatu vya maziwa ya unga, vya mwisho katika kopo.

Sukari hakuwa nayo.

"Dada, unatwanga nini saa hii?" Kaka yake Hamadi, aliyekuja kutoka kijiji cha Tunda, alisimama mlangoni na blanketi mabegani.

"Chakula ya mutoto. Ninaenda hospitali."

"Leo? Watu watasema akili yako imeruka."

"Waseme. Midomo ni yao. Victorine wa hospitali alikuja jana hapa hapa kuniambia: serumu ya kumutia mu mushipa imekwisha, na mutoto hajameza kitu tangu juzi. Asipokula leo, hatafika kesho."

Hamadi alitazama bakuli. Kisha akaingia ndani, akaruka miguu ya wanawake waliolala sakafuni, akarudi na mfuko wa sukari aliokuja nao. Siku hizo sukari ilikuwa haionekani mjini Kindu hata kwa kuitafuta. Alimimina nusu.

"Viringisha haraka," alisema. "Leo Jumamosi. Wakikukuta njiani saa ya salongo, hiyo kazi ya lazima, watakupa jembe ufyeke barabara ya serikali na huo mwili wako wa kilo arobaini."

Mwanvua alifinyanga vitonge kumi na viwili, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba cha mtoto, akavifunga katika jani la mgomba. Ndani, binti yake Hadidja alikuwa amelala ubavu, macho wazi, akiangalia ukuta.

"Mama, utamuambia nini?"

"Sitamuambia kitu. Nitamulisha tu."

Hadidja aliingiza mkono chini ya mto, akatoa kikombe kidogo cha bati. "Anywee hii. Iko na masikio mawili, haimwagiki." Kisha akageukia tena ukuta.

Tope la mtaa wa Kasuku lilimvua Mwanvua ndala mara mbili. Mara ya pili aliziacha mkononi, akaenda miguu mitupu.

Kwa muda wa wiki tatu mlinzi wa lango la hospitali alikuwa akimtania kila asubuhi: "Tate, na mimi ni mugonjwa, ugonjwa yangu njo njaa." Leo hakutania. Alivua kofia yake yenye nembo ya chama, akafungua lango lote.

Mwanvua hakupita. "Nimechelewa?"

"Hapana, Tate. Pita."

Victorine, muuguzi, alikuwa mlangoni mwa chumba cha watoto. Alimtazama kama mtu asiyeamini.

"Sikufikiri utakuja."

"Anapumua?"

"Anapumua. Lakini amefunga kinywa. Nimejaribu uji, nimejaribu chai, nimebembeleza mpaka nikagomba."

Surua ilikuwa imepita kwa mtoto na kumwachia miguu iliyovimba na nywele nyekundu kama manyoya ya mahindi. Kitanda cha kando kilikuwa kimeoshwa kwa dawa, godoro limekunjwa. Mwanvua alikaa, akakipa mgongo.

Aliweka kitonge kwenye midomo ya mtoto. Kikaanguka kwenye shuka. Akaweka cha pili. Kikaanguka.

"Sikia, mujukuu," alisema mwishowe. "Mimi ni muzee, meno yangu imebakia tatu. Nikikula hii yote peke yangu tumbo itanipasuka, na Victorine atanilaza hapa karibu yako. Na mimi ninakoroma."

Pembe ya mdomo wa mtoto ilisogea kidogo.

Mwanvua alivunja chembe ndogo kama punje ya mahindi, akaipenyeza hapo hapo. Akangoja. Moyoni alikuwa akirudia neno moja tu: huyu, Mungu wangu, huyu mwache.

Mtoto alimeza.

Chembe ya pili ikafuata, kisha ya tatu, kisha maji kutoka kile kikombe, kisha kitonge kizima. Victorine aligeukia dirisha akajifuta uso kwa mkono wa gauni. Jua lilipoingia mpaka kwenye mguu wa kitanda, vitonge vinne vilikuwa vimekwenda, na mtoto alikuwa akilamba vidole.

"Umuwekee vingine mpaka jioni," Mwanvua alimwambia Victorine, akimpa jani. "Mimi nirudi. Nyumba imejaa wageni."

Aliinuka. Kitu kikamvuta kitenge. Mtoto alikuwa ameshika pindo kwa mkono uliobaki mifupa, na kwa mara ya kwanza tangu juzi sauti yake ikatoka, nyembamba kama uzi.

"Tate ya Sudi," alisema, "baba yangu bado hajarudi toka Kampene. Na Sudi wa kitanda hii ya kando mulimuzika jana. Kesho utakuja tena kuniona?"