Kula Yote, Julien

"Kula yote," Muzee Kambere akasema. "Sitoki hapa mbele ya kuona chini ya sahani."

Julien, mikono ikipita katikati ya vyuma vya kasho ya polisi, akamega fufu kidogo kidogo, kama mutu anayeogopa kuungua. Kambere alifuata kila tonge kwa macho. Majani ya sombe, samaki wadogo sambaza wa soko ya Kituku, fufu: yote yalitoka katika sufuria ya sikio moja, na yote aliyapika mwenyewe, yeye muzee ambaye mbele ya mwaka huu hakujua hata kuwasha makala.

Serikali inafunga mutu. Kumulisha ni kazi ya famille, watu wake wa nyumbani. Ndivyo iko tangu zamani. Wakubwa wanabadilika, lakini kwenye kasho sufuria inatoka nyumbani. Asiye na wa kumuletea anakauka. Mwezi ule walitoa wawili, wamefunikwa shuka moja. Komanda wa kasho akaandika "ugonjwa", akafunga karatasi za dosie zao, akaenda kunywa.

Kambere, aliyekuwa amekuja kuuliza tarehe ya kesi kwenye tribinali, aliona ile miguu minne mikavu ikipita mbele yake. Kesho yake akaanza kuleta sahani, asubuhi na jioni.

Viateur, polisi wa mulango, alimuandika kwenye daftari: Kambere, baba ya Julien. Hakuuliza. Nani mwingine angepanda toka Keshero kwa miguu, juu ya mawe ya volkano, kwa ajili ya mutu aliyeshitakiwa kuua?

"Mama hapiki?" Viateur akauliza siku moja, akinusa sufuria. "Hii sombe haina chumvi, papa."

"Mama hapiki tena. Uliza huyu."

Julien akainama mpaka paji lake likagusa chuma. Viateur akaguna kwa huruma. Alijua wamama waliokufa kwa aibu ya watoto wao.

Siku ya makumi tatu ya kufungwa kwake Julien akasukuma sahani.

"Papa, niache nikufe. Nakuomba."

"Hautakufa. Ulisema haukufanya kitu? Basi utaenda kusema vile mbele ya muamuzi, watu wakikuangalia kwenye macho. Ukitaka kuchoka, utachoka kiisha hapo. Kula."

Julien akala, machozi yakiingia ndani ya sombe. Chumvi ikapatikana.

Jioni ile komanda akamuita muzee ofisini, akamupa kiti. Hiyo ilimuogopesha Viateur kuliko matusi.

"Muzee, kasho imejaa. Leta kitu kidogo tu, uende naye nyumbani leo leo. Tribinali ya nini? Kule karatasi zinapotea."

"Sitaki atoke."

"Unasema?"

"Nasema sitaki atoke kwa mulango wa nyuma. Nataka tarehe."

Komanda akacheka mpaka akakohoa. "Muzazi wa hivi sijaona. Basi, kuanzia kesho sahani yako haiingii. Tutaona nani atachoka wa kwanza."

Asubuhi Kambere alipanda juu ya jiwe jeusi mbele ya geti, akapiga sufuria kwa kijiko.

"Siku ya makumi tatu na moja! Sheria yao inasema polisi wasishike mutu kupita masaa arobaini na nane! Dosie ya Julien iko wapi?"

Wenye pikipiki wakasimama. Wamama wa soko wakatua mabeseni.

"Papa, watakufunga na wewe!" mama mumoja akamuambia.

"Wanifunge. Mimi sina wa kuniletea chakula, mama. Nitakufa mbio, komanda apate tena kazi ya kuandika ugonjwa."

Watu wakacheka, lakini kicheko kibaya. Polisi wawili walitoka na fimbo, wakaona watu ni wengi, wakarudi. Kesho yake wengine walileta sufuria zao. Na wao walikuwa na watu ndani. Kelele ilisikika mpaka mutaa wa Mapendo. Kambere alipiga mpaka kijiko kikapinda, akakinyoosha kwa meno, akaendelea. Viateur, bila kuambia mutu, alimupitishia Julien fufu ndani ya kofia yake.

Siku ya ine wakubwa walichoka wao. Komanda mwenyewe alileta karatasi mpaka kwenye jiwe, hakumuangalia muzee usoni: Julien, tribinali, Jumatatu, siku ya kwanza, saa tatu ya asubuhi.

"Umeshinda, muzee," akasema. "Lakini kule hawana huruma kama hapa. Utakuja kujuta."

"Naweka sufuria chini siku hiyo," Kambere akajibu. "Hapana mbele."

Siku ya kwanza alivaa koti lake la misa. Julien aliletwa na pingu, mashavu yamejaa, anasimama vizuri kwa miguu yake. Kwenye mulango Kambere akamumenyea ndizi moja, akangoja aimeze yote.

Ndani mulikuwa mabenchi mawili. Viateur, aliyemusindikiza mufungwa, akamushika muzee mukono kwa heshima.

"Famille ya mushitakiwa ni huku kushoto, papa."

Kambere akaangalia ile benchi. Hakukuwa mutu. Akaipita, akavuka chumba, akaketi upande wa kuume, sufuria ya sikio moja kwenye magoti.

Muamuzi, mama mwenye miwani, akafungua dosie.

"Kuuawa kwa Mama Wivine, muuza samaki wa Kituku. Kuna mutu wa famille ya marehemu hapa?"

Muzee Kambere akasimama.

"Niko," akasema. "Bwana yake."