Kompresa ya Bibi Harusi

Fundi aliziba tundu la kompresa kwa kidole gumba, akaizungusha kwa mkono. Kidole hakikusikia hata pumzi.

"Hii basi tena, shangazi. Ukiitazama inazunguka vizuri, lakini ndani vali zimekwisha. Gesi haisukumi. Kiyoyozi kitapuliza joto tu."

"Kama mume wangu. Mizunguko mingi, nyumbani haleti kitu."

Fundi alitaka kucheka. Akauona uso wa shangazi yake, akakimeza kicheko. Mama huyo alikuwa amevimba kwa hasira tangu asubuhi. Kesho mumewe angempakia mke wa pili ndani ya gari hili hili, lililonunuliwa kwa pesa za cherehani yake yeye, wavuke bonde lenye joto la tanuri hadi kwa wakwe wapya.

"Na wewe ndiye uliyeambiwa ulilete gereji?"

"Mimi! Bila haya! Eti likaguliwe vizuri. Njia nzima ni vumbi, na mwenzangu ni mtu wa wanja na poda, kwa hiyo vioo havitafunguliwa."

"Na bado unataka nibadilishe?"

"Badilisha, nimesema! Mimi si mke wa kuaga watu mikono mitupu."

"Hutajuta, shangazi?"

"Nimejuta miaka yote niliyompikia. Leo zamu yangu imekwisha. Shika spana!"

Fundi akashika spana. Gesi ikanyonywa kwa mashine, mkanda ukalegezwa, kompresa moja ikatoka, nyingine ikaingia, gesi ikarudishwa. Muda wote shangazi alimsimamia kichwani, akigombana na kila bolti.

"Kaza hiyo! Isije ikalegea njiani, wakarudi gereji kabla hawajafika!"

Asubuhi, kungali na ubaridi, mume alitoka na suti yake mpya, ananukia hadi kwa majirani.

"Gari umelishughulikia?"

"Nimebadilisha hata kompresa."

Mume akasimama, akamtazama kama mtu aliyeokota kitu. "Kumbe una moyo! Wanawake wengine wangenuna."

"Ninune kwa lipi, bwana? Nendeni salama. Na vioo mfunge, vumbi lisimharibu mtoto wa watu."

Gari lilipokata kona, aliingia chumbani, akavuta mfuko chini ya kitanda. Kompresa iliyotoka garini jana, kuipisha ile ya vali zilizokwisha, ililala humo: nzima kabisa, ile ile iliyokuwa ikiwagandisha watu vidole mchana wa jua kali.