Zamu ya Mchana

Tangu Mbunge Nambua apitishe sheria ya zamu, kila nyumba ina familia mbili, ya mchana na ya usiku, na hakuna anayeitwa tena asiye na makazi. Yeye mwenyewe na mama yake walipangiwa mchana. Usiku hujisitiri stendi.

Jioni moja, saa ya zamu ilipofika, mlango ulifunguka wenyewe mama akiwa kitandani, anatetemeka kwa homa. Familia ya usiku ilikuwa nje, mvuani.

"Shikamoo, bibi," mke alimsalimu mama, kisha akamgeukia Nambua. "Tungemwacha alale, ila mlango haufungiki mpaka mtoke."

"Sheria ni yako mwenyewe, Mheshimiwa," mumewe alitania, bila kucheka.

Nambua alimbeba mama yake hadi barazani.

"Tunakwenda nyumbani?" mama aliuliza.

"Ndiko tunakotoka, mama."