Pale Kwenye Giza

Watu wote katika kibanda cha video walitazama picha, ila mwanamke mmoja. Yeye alimtazama Seifu.

Alikuwa hivyo tangu picha hii ianze kuonyeshwa. Hukaa benchi la mbele, pembeni, televisheni ubavuni mwake, macho kayakaza kwa mtafsiri kama paka anavyolinda tundu la panya. Seifu akitoa kichekesho, yeye ndiye wa kwanza kucheka. Kisha anaendelea kumkodolea mdomo.

Pale Maili Moja, Seifu hakuwa na mpinzani katika kutafsiri picha. Alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, uso kwa watazamaji, maiki mkononi, akiizima sauti ya wazungu na kuweka yake. Kiitaliano hakukijua hata cha kuombea maji. Nani angemsuta? Bwana harusi alimwita Salumu, padri akambatiza Mkwara, na mji wao wa mlimani akauhamishia Mzenga.

Picha yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya wanakijiji wa Italia wanaoangalia sinema ndani ya zizi la mbuzi. Bunduki hamna, ngumi hamna. Siku ya kwanza vijana walipiga miluzi.

"Mzee Mwinyimadi, hawa wanakufa lini?" mmoja alipaza sauti.

"Tulia, mjukuu wangu," akajibu mwenye kibanda kutoka kwenye kiti chake, mguu mbovu kaunyoosha. "Hao hawafi. Wanaangalia sinema kama wewe."

Mwalimu Vicent, anayekosoa kila picha bila kuombwa na mtu, alitoa hukumu yake nje: picha inadanganya, sinema za zamani zilikuwa na kunguni, na humo hakuonekana hata mmoja. Lakini wazee waliokulia Kisarawe wakilikimbilia gari la sinema ya bure walitoka wakifuta macho. Kesho yake wakarudi na wake zao. Vijana nao wakarudi, eti kuwasindikiza.

Kilichowarudisha ni giza. Katikati ya picha vita inafika, taa za kijiji zinazimwa, televisheni inabaki nyeusi tii. Wanakijiji hawaondoki. Wanaimba. Hapo spika hupandishwa, na watu wa Maili Moja nao huimba wimbo wasioujua, kwa maneno ya kubuni, mpaka mabati yanatetemeka.

Ni giza hilo hilo lililompa Seifu wazo. Huko mtaa wa Picha ya Ndege tajiri mmoja alikuwa anamalizia ukumbi wa viti vya sponji. Alimwahidi Seifu maiki na ubia. Ila watu hawakutaka kumhama Mwinyimadi, na kwa picha hii ndiyo kabisa.

"Kibanda kisipokuwepo," tajiri alimwambia, "watahama wenyewe."

Jioni moja ikafika sehemu ya harusi. Hapo Calist, fundi mitambo anayekaa nyuma ya stuli, huachia bendi ivume, Seifu apumzishe koo. Gauni jeupe la bibi harusi likajaa kwenye kioo, kibanda kikang'aa. Seifu akazima maiki. Hakugeuka, asije akatiliwa shaka. Alisema huku akiwatazama watu wake, na Calist akainama kutega sikio.

"Jumamosi. Pale kwenye giza. Petroli iko nyuma ya choo. Wakianza kuimba, toka uwashe."

"Na watu?"

"Watatoka. Mlango si upo?"

"Na mzee? Mguu ule?"

Seifu akawatabasamia watazamaji. "Mzee ameishi vya kutosha."

Macho yake yakagongana na ya yule mwanamke. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Watu walipotoka, Seifu alimvuta Calist kando. "Yule mama katusikia."

"Yupi? Laurentia?" Calist alicheka akashika mbavu. "Fundi cherehani wa pale stendi? Kiziwi yule, kaka! Homa ilimla masikio akiwa darasa la tatu. Mpigie hata baragumu, hageuki."

"Mbona anacheka nikichekesha?"

"Si anaona wenzake wanacheka! Acha woga wa mwizi wa kuku, bwana."

Seifu naye akacheka. Alilala fofofo.

Jumamosi kibanda kilijaa hadi madirishani. Mwinyimadi alikuwa kwenye kiti chake. Laurentia alikuwa mahali pake, na safari hii Seifu alimkonyeza. Akaanza kazi. Salumu akaposa, Padri Mkwara akafoka, lakini vicheko vilikuwa haba. Mwalimu Vicent hakukosoa kitu. Seifu akadhani ni joto.

Vita ikafika. Taa za kijiji zikazimwa moja moja. Calist akapandisha spika, akanyata, akapotelea mlango wa nyuma.

Giza.

Waitaliano wakaanza kuimba. Maili Moja hakuna aliyeimba.

Seifu akangoja. Alisikia nje kishindo cha miguu ya watu, kisha mlango wa nyuma ukapigwa komeo. Wimbo ukakatwa. Mkono ukaichukua maiki yake polepole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Pumzika, mwanangu," ikasema sauti ya Mwinyimadi karibu na sikio lake. "Leo tuna mtafsiri mwingine."

Spika zikakwaruza. Ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, isiyopanda wala kushuka, sauti ya mtu ambaye hajajisikia mwenyewe tangu darasa la tatu:

"Jumamosi. Pale kwenye giza. Petroli iko nyuma ya choo."