Kadi ya Tano

Mgeni aliingia katikati ya somo bila hodi, viatu vimelowa chapachapa, kofia ya uuguzi mkononi.

"Samahani. Nafasi bado ipo?"

"Ipo," alisema Mwalimu. "Kaa pale karibu na fundi saa."

Fundi saa alivuta kiti chake pembeni. Ungedhani anampisha mgeni. Alikuwa anajitenga. Kwa miezi minane yeye ndiye aliyekuwa mbele ya wote katika darasa hilo la kompyuta la Jumamosi, juu ya duka la mikate.

Kompyuta hawakuwa nayo. Mwalimu, mama aliyestaafu kazi ya mitambo ya simu, aliwafundisha kwa makopo, vifungo vya nguo na kadi. Kila kadi ilibeba amri moja, na kadi zikipangwa zikawa programu ya asembli, lugha ya amri fupi za mashine. Mtu mmoja aligeuka kuwa kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta: alifunua kadi iliyoelekezwa na kidole cha mti, akatenda, akasogeza kidole kwenye kadi inayofuata.

"Kichakataji hakikisii," Mwalimu alipenda kusema. "Hakimhurumii mtu. Kinasoma, kinatenda, kinasogea. Basi."

Wiki ya tatu muuguzi alikuwa ameshaelewa. Wiki ya sita Mwalimu alimwita "binti yangu", na fundi saa alikuwa amezoea kuwa yeye peke yake ndiye anayeitwa "mwanangu".

Kisha yakatangazwa mashindano. Kila darasa lingepeleka programu moja: kuzidisha tatu kwa nne, bila amri ya kuzidisha, kwa kuongeza na kupunguza, na kadi ziwe chache. Mtunzi wa programu itakayoshinda angepata nafasi ya mwaka mzima katika chuo cha elektroniki, bila ada. Fundi saa alikuwa ameshamwambia mama yake anunue sanduku la safari.

Siku ya kukusanya kazi, Mwalimu alizishika kadi nane za muuguzi, akazibusu. "Sijaona kitu safi kama hiki!"

Fundi saa hakutoa za kwake. Alizitupa kwenye pipa la taka, akaketi amenuna.

"Wewe ndiwe utakayekuwa kichakataji," Mwalimu alimwambia. "Mkono wako hautetemeki."

"Yaani mimi nitembeze kidole, yeye apewe chuo?"

"Makubwa! Wivu wa nini, mwanangu?"

Fundi saa aligeukia dirisha. Muuguzi naye alikuwa ameinama kando ya pipa, anatafuta kalamu iliyomwanguka.

Siku moja kabla ya mashindano, fundi saa alifika darasani mapema. Bahasha ya kadi za mashindano ilikuwa juu ya meza, imefungwa kwa kibanio, na juu yake mwandiko wa muuguzi uliopangika kama shanga. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyotarajia. Kadi ya kurudi huwa ya pili kutoka mwisho, hilo alilijua hata akiwa usingizini. Akaivuta hiyo moja tu. *Kadi ya 5: kama kopo A si tupu, rudi kadi ya 3.* Kwa penseli, kama sheria ilivyotaka.

Alifuta tatu. Akaandika moja. Amri ya kwanza katika programu ya namna hiyo ni kujaza kopo A. Likijazwa kila mara, halitakuwa tupu milele.

Ngazi zililia. Alirudisha kadi, akafunga kibanio. Muuguzi aliingia.

"Kaka, nina ombi dogo. Kesho usome kilichoandikwa. Hicho hicho. Usinisaidie, usiniharibie. Unaniahidi?"

Karibu acheke. "Nakuahidi, dada. Neno kwa neno."

Kesho yake ukumbi wa mashindano ulijaa. Kadi zililazwa kifudifudi mezani. Fundi saa alishika kidole cha mti, mkono wake umetulia kama saa nzuri.

Kadi ya kwanza: weka vifungo vitatu kopo A. Ya pili: kopo C liwe tupu. Ya tatu: ongeza vifungo vinne kopo C. Ya nne: toa kifungo kimoja kopo A. Ya tano: rudi ya kwanza. Akarudi. Akajaza, akamwaga, akaongeza, akatoa. Akarudi. Mzunguko wa nne mtu alicheka. Wa saba ukumbi mzima ukacheka. Aliiba jicho kumtazama muuguzi, akitaka kuona uso ukianguka.

Muuguzi alikuwa amemkazia macho yeye, midomo ikimwambia kitu bila sauti: tatu, tatu, tatu.

Ndipo akahesabu kilichokuwa mezani. Kadi zilikuwa sita, si nane.

Jaji mkuu aliinua mkono. "Simama kwanza. Hii ndiyo programu fupi kuliko zote leo, ingekuwa huruma ife kwa kosa la macho." Alitoa karatasi ndogo ndani ya bahasha. "Hapa pameandikwa: *Niliziokota kwenye pipa, nikazinakili kwa mwandiko unaosomeka. Zimezishinda zangu. Mtunzi ni huyu anayezisoma.*" Akavua miwani, akatabasamu. "Bwana mtunzi, huenda umesoma vibaya. Kadi yako ya tano inasemaje?"

Ilimbakia fundi saa kutamka neno moja tu, tatu, na hakuna ambaye angekuja kuichungulia kadi.

"Kama kopo A si tupu," fundi saa alisoma, "rudi kadi ya kwanza."

Akasogeza kidole.