Mume Aliyebaki Uwanjani

Sikudhani alikuwa mjane mwaka wa sita sasa, lakini kisheria bado alikuwa mke wa mtu. Dereva akifa kwenye Mbio za Duara za Kihonda, akili yake huhamishiwa kwenye gari, na ndoa yake haivunjiki mpaka gari hilo lishinde.

"Leo mumeo Mloka anashinda," mchumba wake Chande alimwambia jukwaani, akimshika mkono. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa kadhi."

Kweli, siku hiyo gari la marehemu halikuwa na utani. Mzunguko wa arobaini lilimbana dereva mmoja ukutani mpaka mlango ukamwingia kifuani. Baadaye likapindua gari lingine, ambalo liliwaka moto na mtu ndani akipiga kioo kwa ngumi. Watu walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Sikudhani naye alishangilia, Mungu amsamehe.

Mzunguko wa mwisho, likiwa mbele peke yake, gari likafunga breki hatua moja kabla ya mstari. Likageuka taratibu, taa zikapanda jukwaani, zikatua kwenye ile mikono miwili iliyoshikana.

"Mke wangu," spika za uwanja zikasema, "mwakani mwandikishe na huyo bwana kwenye mbio."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Sikudhani alipogeuka, Chande alikuwa ameshamwachia mkono.